ASEMAYE “NENDA” NA AENDAYE



Hakuna kijiji kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma kisichoijua sauti ya lori lipandalo mlima usiku. Asubuhi sabuni iko dukani, dawa ziko zahanati, mbolea iko ghalani, petroli iko kituoni, wala hakuna aulizaye vimefikaje. Vimeletwa na mtu aliyekesha. Twala matunda ya jasho lake, lakini wengi wetu hatujapata hata kumwamkia.

Leo twataka kusema habari za mtu huyo, na za mtu wa pili ambaye sisi tulio kando ya barabara hatumwoni kabisa. Huyu wa pili huketi ofisini, orodha ya magari i mezani pake na simu i mkononi mwake. Yeye ndiye asemaye: “Wewe pakia, nenda Lubumbashi. Wewe ngoja. Wewe kesho alfajiri uwe mpakani.” Kati ya watu hao wawili, dereva na meneja ampangiaye safari, kuna manung’uniko ya siku nyingi. Nayo si mambo yao peke yao, kwa sababu manung’uniko hayo yakifika barabarani huua.

Mara nyingine ugomvi huu umetoka nje ukaonekana na taifa zima. Tarehe 10 Aprili 2015 madereva wa mabasi na malori waligoma, abiria wakakwama vituoni. Na tarehe 4 Mei mwaka uleule wakagoma tena. Miongoni mwa madai yao lilikuwamo jambo moja dogo la kushangaza: walitaka mikataba ya kazi iliyoandikwa. Mtu aliyekabidhiwa gari na shehena ya mamilioni ya shilingi alikuwa akiomba karatasi moja yenye jina lake.

Manung’uniko ya pande mbili

Tuwasikilize wote wawili, kwa maana hakimu asikilizaye upande mmoja amekwisha kukosa haki kabla hajatoa hukumu.

Dereva husema hivi: “Napewa posho ya siku nne, nami nakaa katika foleni ya mpakani siku nane. Nimeandika katika daftari kwamba breki za trela hazishiki. Nimejibiwa niende hivyo hivyo, zitatengenezwa nikirudi. Nikisimama nilale kidogo, simu inalia: mbona gari halitembei? Mzigo ukipungua nakatwa mimi, hata kama lakiri ilikuwa nzima. Na siku nikifukuzwa, sina cha kuonyesha kwamba niliajiriwa.”

Meneja naye husema: “Mafuta niliyompa yangemtosha kwenda na kurudi, lakini ananipigia simu yuko Makambako na tangi ni tupu. Chombo cha setilaiti kimenionyesha gari limesimama porini. Nimwulizapo, ananiambia alikuwa mizani. Amepakia abiria na magunia ya mkaa juu ya mzigo wa mteja. Na mzigo ukichelewa, mteja hamwulizi yeye, aniuliza mimi. Mwenye magari pia aniuliza mimi.”

Tukiwasikiliza bila upendeleo twaona kwamba kila mmoja anao ukweli fulani mkononi, lakini anautumia kama fimbo. Meneja, kwa kuwa ameibiwa na dereva mmoja, awahesabu wote kuwa wezi, naye hupunguza posho. Dereva, kwa kuwa amepunjwa posho, hujifidia kwa kunyonya mafuta. Meneja aona mafuta yamepungua, husema: “Sikusema mimi?” Hivyo kila mmoja huzaa ubaya ule ule aulalamikiao kwa mwenzake. Duara la namna hii halikatiki mpaka mmoja akubali kutenda haki kwanza, kabla ya kutendewa.

Njia ya Jehanamu

Yafaa tukumbuke mahali kazi hii ilipopata tabia yake. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Rhodesia ilijitangazia uhuru kinyume cha Uingereza, na Zambia, iliyokuwa ikipata mafuta yake kwa njia za kusini, ikakosa mafuta. Ndipo malori yalipoanza kubeba mapipa kutoka Dar es Salaam, kwa barabara ya udongo, katika mvua na vumbi, milimani na makorongoni. Magari mengi yalianguka, na madereva wengi wakafa. Watu wakaipa barabara ile jina la Njia ya Jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi mwaka 1968, barabara ikatiwa lami baadaye, na reli ya TAZARA ikakabidhiwa kwa serikali zetu mbili mwaka 1976.

Siku zile palikuwa na sababu nzito: taifa jirani lilikuwa likikabwa koo. Wale madereva wa zamani wastahili heshima yetu. Lakini leo barabara ina lami, hakuna jirani akabwaye koo, na bado katika ofisi nyingine imebaki fikra ile ile: shehena ifike, mtu atajua mwenyewe. Jambo lililovumiliwa kwa ajili ya dhiki ya taifa halipaswi kuwa desturi kwa ajili ya faida ya mtu.

Akida wa Kafarnaumu

Katika Injili ya Mathayo sura ya 8, na ya Luka sura ya 7, twasoma habari za akida wa Kirumi aliyekaa Kafarnaumu. Alimweleza Bwana wetu kazi yake kwa maneno machache. Yeye mwenyewe yu chini ya mamlaka, naye ana askari chini yake. Humwambia huyu aende, naye huenda. Humwambia yule aje, naye huja. Je, si hiyo hasa kazi ya meneja apangaye safari za malori? Naye pia yu chini ya mamlaka, naye pia husema “nenda,” na mtu huenda.

Lakini tazama sababu iliyomfanya akida huyo amtafute Yesu. Mtumishi wake alikuwa mgonjwa. Watu wa siku zile wasingemlaumu kama angemwacha afe akamnunua mwingine. Yeye hakufanya hivyo. Luka asema kwamba mtumishi huyo alikuwa wa thamani kwake, na katika Mathayo twasoma kwamba mwenye kutuma wengine alikwenda yeye mwenyewe kumwombea. Alijua kwamba anayesema “nenda” ana deni kwa yule aendaye.

Na Kanisa limeyachukua maneno ya mtu huyu likayatia vinywani mwetu. Katika kila Misa, kabla ya kukomunika, twakiri kwa maneno yake kwamba hatustahili Bwana aingie kwetu. Basi meneja Mkristu ayatamkapo maneno hayo siku ya Dominika, akumbuke ni ya nani. Ni ya mtu aliyekuwa na kazi kama yake, naye Bwana Yesu alistaajabia imani yake.

Haki ina hesabu zake

Tusiseme maneno matupu, tufanye hesabu. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilometa 900. Sheria yakataza lori zito kupita mwendo wa kilometa 80 kwa saa. Lakini hakuna awezaye kwenda 80 muda wote. Kuna mbuga ya Mikumi, ambamo wanyama huvuka barabara. Kuna kona za mlima wa Kitonga, ambapo magari hupanda yakifuatana kama siafu. Kuna mizani, kuna vijiji, kuna mteremko wa Inyala na wa Mbalizi kule Mbeya. Dereva aendaye kwa wastani wa kilometa 50 kwa saa amefanya vema, na kwa mwendo huo safari yataka saa 18 za kushika usukani.

Sasa tuitazame Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Yasema mfanyakazi asifanye kazi zaidi ya saa 12 kwa siku. Baada ya saa tano mfululizo apewe mapumziko ya saa moja. Kati ya kumaliza kazi na kuianza tena apumzike saa 12, na katika kila juma apate saa 24 za kupumzika. Jumlisha mwenyewe. Dereva aliye peke yake, akiondoka Dar es Salaam alfajiri, hawezi kwa njia ya halali kuwa Tunduma alfajiri ya pili. Atafika mchana, na mara nyingi jioni.

Basi meneja amwambiaye, “Kesho alfajiri uwe mpakani,” amemwamuru nini? Hakutamka kwamba avunje sheria, wala kwamba atafune mirungi ili macho yasifumbe, wala kwamba asinzie kwenye kona. Lakini amempa amri isiyotimizwa pasipo hayo. Katekisimu yatufundisha kwamba mtu hushiriki dhambi ya mwenzake akiiamuru, au akiishauri, au akiisifu, au asipoizuia hali ana wajibu wa kuizuia. Amri ya tano haikuandikwa kwa ajili ya mwenye usukani tu. Yafika hata kwenye meza yenye orodha ya magari.

Watu husema ajali haina kinga. Kwa ajali nyingine ni kweli. Lakini ziko ajali ambazo kinga yake ilikuwako, ikakataliwa ofisini siku tatu kabla, pale daftari lilipoonyesha breki mbovu na mtu akasema, “Nenda hivyo hivyo.” Mbele ya polisi neno hilo halionekani, mbele ya Mungu limeandikwa.

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 33, chatusimulia jinsi Esau alivyomtaka ndugu yake Yakobo wasafiri pamoja. Yakobo akajibu kwamba watoto ni wachanga na mifugo inanyonyesha. Wakiharakishwa siku moja tu, kundi lote litakufa. Akaomba aende polepole, kwa kadiri ya nguvu za hao anaowaongoza. Wazee wetu walisema jambo lile lile kwa maneno mawili: Kawia ufike.

Meneja naye ana mzigo wake

Hata hivyo tusimtwike meneja lawama zote. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 5, Farao aliwanyima Waisraeli nyasi za kufyatulia matofali, lakini idadi ya matofali akaiacha vile vile. Je, ni nani waliopigwa kwanza matofali yalipopungua? Ni wasimamizi wa Kiisraeli, watu wa katikati, waliowekwa juu ya ndugu zao. Meneja wengi wamo katika hali hiyo. Juu yao yuko mwenye magari mwenye deni benki. Juu ya mwenye magari yuko mfanyabiashara atakaye mzigo wake jana. Nao wanaambiwa wafyatue matofali yale yale bila nyasi.

Lakini wasimamizi wale, wapatao kusifiwa katika jambo hili, hawakugeuka kuwapiga wadogo ili kujiokoa. Walikwenda kwa Farao wakalia mbele yake kwamba jambo hili haliwezekani. Huo ndio ujasiri tunaouomba kwa meneja Mkristu. Amwambie mwenye magari: “Safari hii yataka siku mbili, na mtu mmoja hawezi kuifanya kwa siku moja.” Na mwenye magari asimfanye adui kwa kusema kweli, kwa maana lori lililopinduka Kitonga halimlipi mtu deni la benki.

Kwenu ndugu madereva

Na ninyi madereva, sikilizeni. Kudhulumiwa hakumpi mtu ruhusa ya kudhulumu. Wapo wanaojifariji wakisema: “Mshahara wangu ni mdogo kuliko kazi yangu, basi najilipa kwa dizeli.” Wazo hilo ni la kale, na Kanisa limekwisha kulitolea hukumu. Mwaka 1679 Papa Inosenti wa 11 alilikataa fundisho la kwamba watumishi waweza kuwaibia mabwana zao kwa siri ili kujilipia kazi wanayoiona kuwa imepita mshahara. Sababu yake si ngumu kuifahamu: kila mtu ni hakimu mpole wa kesi yake mwenyewe. Aanzaye kwa lita tano za haki hufika hamsini za wizi, wala haoni mahali alipovuka.

Abiria mnaowapakia juu ya shehena ni watoto wa watu. Mirungi haiondoi usingizi. Huuahirisha tu, nao hurudi mahali msipotaka. Uongo wa simu, “niko mizani,” hali uko kwingine, huwaponza wenzenu, kwa maana kesho dereva aliye mizani kweli hatasadikiwa. Na mwenye kuapa kanisani kwa mke mmoja akajenga nyumba ya pili mpakani, ajue kwamba umbali haufungui kifungo cha ndoa. Rozari mliyoitundika kwenye kioo cha mbele ni ya kusaliwa. Haishiki magurudumu.

Lakini Kanisa lile lile lililokataza mtumishi kujilipa kwa siri lilikataza pia bwana kumlipa mtumishi chini ya haki. Papa Leo wa 13, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba mshahara wapaswa kumtosha mfanyakazi mwenye kiasi aweze kuishi, na kwamba mapatano ya tajiri na maskini hayawi ya haki kwa sababu tu maskini alikubali akiwa na njaa. Fundisho hilo halikuzeeka. Mwaka 2025 Baba Mtakatifu Leo wa 14, alipoeleza sababu za kuchagua jina lake, aliitaja barua hiyo. Basi dai lenu la haki lidaini mchana, kwa barua na kwa chama, wala si usiku kwa mpira wa kunyonyea mafuta.

Yatupasayo kutenda

Tunashauri mambo manne, nayo hayahitaji fedha nyingi.

La kwanza, mkataba ulioandikwa. Sheria yaudai, na dhamiri yaudai zaidi. Uonyeshe mshahara, posho ya safari, na malipo ya siku za kungoja mpakani. Na mzigo ukipotea, asikatwe mtu kwa hasira. Sheria yasema mwajiri aandike sababu na kiasi cha deni, mfanyakazi apewe nafasi ya kujitetea, kosa liwe ni lake, na makato yasizidi robo ya mshahara.

La pili, dereva awe na haki ya kusema, “Gari hili haliendi,” akataja ubovu wake, asipoteze kazi wala safari yake. Na meneja apokee neno hilo kama onyo la mlinzi, wala si kama uasi.

La tatu, meneja asafiri. Walau mara moja kwa mwaka apande lori, aketi kando ya dereva mpaka mpakani, alale anapolala utingo, angoje foleni. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na dereva naye akaribishwe siku moja ofisini, asikie simu za wateja zinavyolia, aone madeni yanavyopangwa. Ugomvi mwingi kati ya watu hawa wawili ni ugomvi wa watu ambao hawajapata kuuona mchana wa mwenzao.

La nne latuhusu sisi tulio na parokia kando ya barabara kuu. Mwaka 2007 Vatikano ilitoa mwongozo wa uchungaji wa barabarani, pamoja na amri kumi za dereva, na ya kwanza yakataza kuua. Basi na tuwe na mahali pa kuegesha magari, maji ya kunywa, saa ya kitubio ijulikanayo, na Misa ya jioni kwa ajili ya msafiri. Dereva asipate kusema kwamba njiani nyumba iliyokuwa wazi kwake ni kilabu cha pombe peke yake.

Wapenzi, mwaka 1955 Papa Pius wa 12 aliiweka sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi tarehe 1 Mei. Twamfahamu Yosefu kama seremala, lakini tukumbuke kwamba alikuwa pia mtu aliyetumwa safarini. Usiku mmoja malaika alimwamuru aondoke, ampeleke Mtoto na Mama yake Misri, akae huko mpaka atakapoambiwa. Yosefu akaondoka usiku ule ule bila kunung’unika. Lakini ahadi ile haikusahauliwa. Herode alipokufa, malaika alirudi akamwambia kwamba sasa yu salama, aweza kwenda nyumbani.

Hivyo ndivyo Mungu atumavyo watu. Amwambiapo mtu “nenda,” macho yake hayamwachi mpaka arudi. Mwenye kutuma watu duniani na aige mfano huo. Na mwenye kutumwa awe mwaminifu kama Yosefu, ili aliyemtuma aweze kulala bila wasiwasi. Mtakatifu Yosefu awaombee wote wawili, na watoto wao wanaosikiliza mlango usiku.